Rubiela na Ukurasa wa Mduara wa Kandili

Tangazo lilikuwa jekundu, limekaa juu kabisa ya ukurasa, na Rubiela Zuluaga alilisoma mara tatu huku miwani ikimteleza puani. Makala hii inapendekezwa kufutwa. Haina vyanzo huru. Isiporekebishwa ndani ya siku saba, itaondolewa. Chini yake palikuwa na jina la mhariri aliyeliweka, mtu wa Uruguay ambaye katika ile kamusi elezo ya mtandaoni alijiita Tero, jina la ndege wa kwao anayepiga kelele mtu akisogelea kiota chake.

"Siku saba!" Rubiela alifoka, mle mle maktabani. "Wenyewe wanasema Mungu wao alimaliza dunia nzima kwa sita."

"Doña Rubiela, punguza sauti," msimamizi wa maktaba alimwambia bila kuinua kichwa. "Na saba huna. Jumatano adhuhuri nafunga, mpaka Jumatatu ya Pasaka."

Hiyo ilikuwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi, mwaka 2019, na katika mji wa Filoverde Juma Kuu likianza hata mbwa hubweka kwa adabu. Rubiela hakuwa na kompyuta nyumbani. Simu alikuwa nayo, lakini vidole vilivyoshona kola za mashati kwa miaka hamsini havikuelewana na herufi ndogo za kioo. Alihesabu akaona kwamba saba za Tero, kwake yeye, zilikuwa nne na nusu.

Mtu asije akadhani lilikuwa suala la sifa. Mwanamke yule sifa hakuzijua. Alikuwa na miaka sitini na tisa, nywele amezikata mwenyewe kwa mkasi wa kitambaa, na mazoea ya kugeuza kila kitu nje ndani kabla hajakiamini. Ukimletea shati kulisifia, yeye kwanza analigeuza aone mshono. Aliutaka ukurasa ule kwa sababu ya mdogo wake.

Aracelly alijitoa uhai Februari ya 1978, akiwa na miaka ishirini na mbili. Siku hizo makaburi ya Filoverde yalikuwa mali ya kanisa, na Padri Eleázar aliyekuwa na ufunguo alisema kwamba aliyejiua hatavuka lile lango. Maiti ikalala ndani siku mbili. Ndipo wakaja watu wa Mduara wa Kandili, kikundi cha wasioamini Mungu ambacho mwalimu Aníbal Quiceno alikianzisha baada ya kufukuzwa shule kwa kukataa kuwaongoza watoto katika sala. Mpaka hapo Mduara ulikuwa wa maneno tu: kahawa nyeusi, vitabu vya kuazimana, na barua kwa diwani ambazo diwani hakuzijibu. Siku ile walishika majembe, wakachimba kaburi nje ya ukuta, kwenye ardhi ya manispaa. Baada ya Aracelly waliendelea kuchimba, kwa kila aliyekataliwa, mpaka mwaka 1992 baraza la mji lilipokubali kwamba maiti ni maiti na makaburi yakawa ya wote.

Kisha mwaka 2011 manispaa ikasawazisha lile eneo la nje ya ukuta, ikamwaga saruji, ikachora mistari, ukawa uwanja wa mpira wa kikapu. Mifupa ilihamishiwa shimo moja la jumla lisilo na jina hata moja. Rubiela alipinga, akaandika barua, akasimama mbele ya tingatinga na mwavuli wake. Tingatinga lilimsubiri achoke. Tangu hapo hapakuwa na mahali popote duniani palipoandikwa kwamba Aracelly Zuluaga alizikwa, na kwamba watu fulani waliona haya asizikwe. Ndiyo maana alijifunza kompyuta uzeeni, akaandika mistari kumi na minne, akabonyeza kitufe cha kuchapisha.

Alikuwa ameandika kile ambacho don Aníbal alikuwa akiwasimulia kila mwaka mpaka alipokufa: kwamba alilibeba jeneza begani, wenzake wanne tu nyuma yake, hakuna hata mmoja wa nyumbani kwa marehemu, na hakuna sala iliyosomwa. Na kwamba Mduara ulichimba makaburi zaidi ya mia.

Pembeni mwa kila sentensi Tero alikuwa ameuliza: chanzo kiko wapi? Kwenye ukurasa wa majadiliano Rubiela alijibu, Sote tunajua. Tero naye akaandika maneno mawili tu: Sote, nani?

Alitoka maktabani akaenda moja kwa moja kwa don Gildardo Tobón, mshona viatu. Huyu alikuwa na miaka themanini na sita na ndiye pekee aliyebaki miongoni mwa wale watano wa siku ile. Mduara mzima kwa sasa ulikuwa watu wanne: yeye, Rubiela, na ndugu wawili wa ukoo wa Henao ambao masikio yao yalikwisha kustaafu.

"Nataka karatasi, don Gildardo. Chochote kilichoandikwa kuhusu sisi na mtu ambaye si sisi."

Mzee alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. "Karatasi za nini, binti? Mimi hapa ni ushahidi unaopumua."

"Wewe ni mwanachama. Hawakutaki."

"Hawanitaki! Kesho watasema nguruwe hajui habari za matope." Alicheka peke yake. "Sasa wanataka nani atusimulie? Askofu?"

"Mtu yeyote asiyekuwa rafiki yetu."

"Hilo tu? Filoverde nzima haikuwa rafiki yetu!"

"Ndiyo, lakini nani aliandika?"

Nyundo ikabaki hewani. Wote wawili walimjua aliyeandika. Kila Jumapili kwa miaka kumi na minne Padri Eleázar alitoa jarida la parokia, *Mlinzi wa Zizi*, kurasa nne, na haikupita hata mwezi bila kuwatukana Mduara kwa majina yao. Liligawiwa nyumba kwa nyumba, wasioamini nao wakisukumiwa chini ya mlango, pengine wao hasa.

"Don Aníbal alikuwa anayaweka," Rubiela alisema. "Kwenye sanduku la mbao, chini ya ngazi."

"Alikuwa anayaweka, ndiyo," alisema Gildardo, uso ukimshuka. "Mpaka Ijumaa Kuu."

Hapo Rubiela akaketi. Kila Ijumaa Kuu, mji mzima ukiwa umefunga na kunyamaza, Mduara walikutana uani kwa don Aníbal kuchoma nyama. Ndiyo iliyokuwa sikukuu yao pekee: soseji, mbavu za nguruwe, mikate ya mahindi iitwayo arepa juu ya wavu, moshi ukipanda juu ya maandamano ya msalaba uwatie watu mate. Na mkaa waliuwasha kwa *Mlinzi wa Zizi*. Don Aníbal alisoma matusi ya mwaka mzima kwa sauti ya kipadri, wakacheka mpaka machozi, akayakunja karatasi moja baada ya nyingine, akatia kiberiti. Miaka arobaini walisherehekea hivyo, jarida likiendelezwa na mapadri waliofuata. Rubiela mwenyewe alikuwa amepepea moto ule kwa kipande cha boksi. Watu wengine wakitaka kufutiwa historia huhitaji adui, lakini hawa waliichomea soseji wenyewe na limau wakakamulia.

"Tu wajinga," alisema.

"Wajinga tulioshiba," Gildardo alijitetea, ila hakuna aliyecheka.

"Parokia wana nakala."

"Rubiela."

"Ofisini, nyuma ya sakristia. Lazima wanazo."

"Rubiela, katiba." Mzee aliinua kidole cheusi kwa gundi. "Kifungu cha tatu. Mwanachama hatakanyaga ngazi ya kanisa isipokuwa anakimbia mvua. Mimi sijaikanyaga tangu 1974. Mke wangu alizikwa nikiwa nimesimama upande wa pili wa barabara. Subiri angalau inyeshe."

"Mvua ina ratiba yake, don Gildardo. Mimi nina siku nne."

Jumatatu asubuhi jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Rubiela alivaa blauzi ya bluu yenye kola aliyoishona mwenyewe, akapanda zile ngazi tisa za mawe akiwa kichwa wazi, mbele ya wauza matawi waliobakiwa na mali, mbele ya mke wa mwokaji mikate aliyeacha kufagia ili aone vizuri. Aliona haya, na akakasirika kwa kuona haya. Hasira ndiyo iliyompandisha ngazi tatu za mwisho.

Ofisini alikuwepo Oliva Betancur, katibu wa parokia, aliyekaa naye dawati moja darasa la tatu. Kwa miaka mingi walisalimiana sokoni kwa nyusi tu.

"Bikira Mtakatifu," alisema Oliva. "Rubiela Zuluaga. Na hujaungua mlangoni?"

"Nimepaka mafuta."

"Umekuja kuungama? Maana padri ana saa moja tu, na yako itataka juma zima."

"Nimekuja kusoma *Mlinzi wa Zizi*."

Oliva akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, akajishika meza. "Mnataka kutusoma leo? Nyinyi? Baada ya kutuchomea nyama miaka arobaini? Usifikiri hatukujua mlikuwa mnawashia nini! Moshi wenyewe ulinuka wino."

"Oliva, nitusi unavyotaka, nitakaa nikusikilize. Ila nifungulie kabati kwanza."

Alimweleza kila kitu: kamusi elezo, tangazo jekundu, mtu wa Uruguay. Alipofika kwenye jina la Aracelly, Oliva aliacha kucheka. Alichukua funguo, akafungua kabati la chuma, akatoa majalada kumi na manne yaliyojalidiwa kwa kitambaa, moja kwa kila mwaka. Padri Eleázar, lolote utakalomsemea, alitunza karatasi zake kama mtu anayetarajia kuulizwa siku moja.

"Soma hapa hapa. Hazitoki nje ya chumba. Na kahawa nitakupa, lakini imebarikiwa."

"Nitaikoroga vizuri."

Alianza na jalada la mwisho na kurudi nyuma, kwa sababu la 1978 lilimtisha. Alisoma siku nzima. Aliandika kwenye daftari tarehe, namba ya jarida, ukurasa, kisha akapiga picha kwa simu. Padri alikuwa amewahesabu. Kila kaburi la nje ya ukuta alilitaja kwa siku na jina, kwa chuki, bila kuruka hata moja, nayo yote yalikuwa ishirini na matatu. Zaidi ya mia ya don Aníbal ilikuwa ishirini na tatu! Rubiela alihesabu mara ya pili, akafuta mia kwenye daftari lake. Liliuma kidogo, lakini mshono ulikuwa ule alioukuta ndani. Alipata pia kipande cha gazeti la mkoa, kimebandikwa pembeni ya jarida la 1981, mwandishi akieleza habari za mji ambao wafu wake wamegawanywa na ukuta. Basi vyanzo vikawa viwili.

Jumanne, saa nne asubuhi, alifungua jalada la 1978. Jarida la tarehe 19 Februari, ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la bahati nasibu ya kukarabati kengele.

*Juma lililopita, watu wanaojiita Mduara wa Kandili walimzika nje ya ukuta msichana Aracelly Zuluaga, aliyejitoa uhai. Walikuwa watano, mwalimu Quiceno na mshona viatu Tobón miongoni mwao. Kwa huzuni tunawajulisha waamini kwamba mama wa marehemu, Ermelina Giraldo, mshiriki wa misa ya kila asubuhi, aliandamana nao, akashika kichwa cha jeneza njia nzima, na mahali pale pasipobarikiwa akasali rozari yote kwa sauti. Hadi atakapotubu mbele ya watu, hatapokea Komunyo.*

Rubiela aliligeuza jarida, akatazama nyuma yake, kama kwamba upande wa pili pangekuwa na maneno mengine. Palikuwa na ratiba ya misa.

Mwaka ule yeye alikuwa mji wa mbali, Medellín, akishona kiwandani. Telegramu ilichelewa, barabara ilifunikwa na maporomoko, akafika siku mbili baada ya maziko. Kituoni alipokewa na don Aníbal, ambaye alimshika mabega akamwambia: tumemzika sisi, binti, sisi watano, wa nyumbani kwenu hakuja hata mmoja. Rubiela hakwenda kwa mama yake. Alikwenda kwenye lile kaburi bichi, akaapa kujiunga na Mduara, akapanda basi lile lile kurudi. Aliporudi kukaa Filoverde mwaka 1983, alipanga chumba mitaa mitano mbali na mama. Alimpelekea dawa. Alimlipia umeme. Mara moja tu alimuuliza, akiwa amesimama mlangoni na mkoba mkononi: "Mama, kwa nini hukwenda kumzika mtoto wako?" Na doña Ermelina, aliyekuwa amemmiminia maji ya moto ya sukari guru kikombeni, alisema: "Kunywa, mwanangu, yatapoa." Rubiela hakunywa. Alitoka. Mama alikufa mwaka 1990, na kati yao palikuwa na kile kikombe.

"Oliva," aliita. "Oliva, ulijua hili?"

Oliva alikuja akasoma juu ya bega lake. "Mji mzima ulijua. Lilisomwa madhabahuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Rubi? Nilidhani unajua! Sote tulidhani unajua, na umemkasirikia kwa sababu ya ile rozari. Tulisema, hawa makafiri kweli wana roho ngumu, mama kamsalia mtoto wake na dada mtu hamsamehi." Akavuta jalada la 1979. Aliujua ukurasa, hakupekua. "Kuna na hili."

*Ermelina Giraldo amerudishwa mezani pa Bwana. Ijapokuwa hakutamka toba tuliyoitaka, ameahidi mbele ya msalaba kutolitaja tena kaburi lile, kwa mtu yeyote, maisha yake yote.*

Rubiela alilia pale pale ofisini kwa parokia, kwa sauti, bila kujificha, mwanamke wa miaka sitini na tisa. Oliva alifunga mlango na kusimama mbele yake asiingie mtu. Hakusema habari za Mungu hata neno moja, na kwa hilo Rubiela alimheshimu mpaka mwisho.

Alipotoka hakwenda nyumbani. Don Gildardo alikuwa anabadilisha kisigino, akamwona uso, akaweka kiatu chini.

"Mama yangu alikuwepo," Rubiela alisema.

Mzee hakuuliza mama yupi wala wapi. Aliinamisha kichwa.

"Alishika kichwa cha jeneza. Wewe ulikuwa unashika wapi?"

"Miguuni," alisema Gildardo taratibu. "Kushoto. Mama yako alikuwa mbele. Hakutaka kupokewa. Aníbal hakubeba chochote, binti, mgongo wake ulikuwa mbovu. Alibeba jembe."

"Na mkaniambia hakuja mtu."

"Aníbal ndiye aliyekuambia."

"Na wewe ukanyamaza! Miaka arobaini na mmoja, don Gildardo! Umekula kwangu, umelala kwangu ukiwa na homa, nimekupikia uji. Kila Ijumaa Kuu Aníbal alisimama akasema hakuna sala iliyosomwa, na wewe unatafuna soseji!"

"Aníbal alisema rozari itaharibu habari," alijibu mzee. "Yalikuwa maziko yetu ya kwanza. Alitaka mji ujue kwamba mtu anaweza kuzikwa bila padri na bila sala, na ardhi isipasuke. Mama yako akasali rozari nzima, mafumbo yote ya uchungu, na sisi tumesimama kofia mkononi. Wawili wakamwitikia, Rubiela. Mimi nilimwitikia. Mdomo uliitika wenyewe. Tungewaambia nini watu? Kwanza ikawa siri, halafu ikawa aibu, mwisho nikawa mzee. Mama yako alikuwa anapita hapa na kunisalimia kila siku. Hakuna siku ambayo sikutaka kufa."

Rubiela alitaka kumwambia neno ambalo lingemmaliza, na alikuwa nalo tayari. Alimtazama yule mzee kwenye kiti chake cha chini, gundi mikononi, akalimeza. Halikupita kirahisi.

"Kesho asubuhi naandika," alisema. "Yote. Ishirini na matatu, si mia. Jembe, si jeneza. Na rozari."

"Rozari kwenye ukurasa wetu!" Gildardo aliinua kichwa. "Watatucheka mpaka Pasaka ijayo! Mduara wa wasioamini, na maziko yao ya kwanza yamesaliwa! Binti, niadhibu mimi, usiwaadhibu wote. Ukurasa wenyewe si unaokoka bila hilo? Hizo nyingine weka, hilo moja acha."

Na ni kweli, ungeokoka. Hilo Rubiela alilijua. Tero hangeuliza habari za mama; alichotaka ni vyanzo viwili, na viwili vilikuwa tayari.

"Tumewatambia watu miaka yote kwamba hatuamini kitu kisicho na ushahidi," alisema. "Ushahidi ulikuwa unasukumwa chini ya mlango kila Jumapili, sisi tukauchoma kwa sababu ulitutukana. Tukamwamini Aníbal kwa sababu alitusifu. Sasa niambie, sisi na wao tofauti yetu ni nini? Kwamba sisi tunakula nyama Ijumaa?"

Mzee akakiokota kile kiatu, akakigeuza mkononi.

Jumatano maktaba ilifunguliwa saa mbili. Rubiela aliandika kwa vidole viwili, kamusi ya shule pembeni, daftari kwenye mapaja. Aliondoa "mashujaa". Aliondoa "giza la makasisi", ingawa aliyapenda sana maneno hayo. Aliondoa kila sentensi iliyokuwa na kola nzuri na mshono mbovu. Zikabaki tisa, kila moja na chanzo chake, tarehe, namba, ukurasa. Kisha akaingia kwenye majadiliano, ambako Tero alikuwa ameuliza kama mwandishi ana uhusiano wowote na kundi hili, maana sheria inataka mtu aseme.

Aliandika: *Mimi ni mwanachama. Mimi pia ni dada wa marehemu wa kwanza, na binti wa Ermelina Giraldo anayetajwa katika sentensi ya nne. Vyanzo nimevisoma kwa macho yangu katika ofisi ya parokia. Aliyeviandika alituchukia, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani alitupendelea. Hilo la mama sikulijua kabla ya jana.*

Aliisoma ile sentensi ya mwisho. Haikuhitajika na sheria yoyote. Aliiacha. Msimamizi wa maktaba alikuwa amesimama na funguo, akasubiri dakika sita zaidi ya saa, akidai baadaye kwamba saa ya ukutani ndiyo iliyokwenda mbele.

Ijumaa Kuu walikutana uani kwa Gildardo, wanne kama ilivyo ada. Nje maandamano yalikuwa yanapanda mtaa, ngoma moja ikipigwa taratibu. Mmoja wa ndugu Henao alileta mbavu. Gildardo alikuwa ametayarisha karatasi za kuwashia, *Mlinzi wa Zizi* za mwaka huu, maana padri wa sasa naye analitoa, ingawa matusi hayaandiki siku hizi, ni matangazo ya bingo tu. Rubiela alizichukua mkononi mwake, akazinyoosha, akazitia mkobani. Aliwasha mkaa kwa magunzi ya mahindi. Ulichelewa kushika, wakakohoa wote.

Simu ililia akiwa amechutama mbele ya wavu. Gildardo alimwona akisoma.

"Wamefuta?"

"Wamebakisha."

"Anasemaje, huyo ndege?"

"Anasema, *Chanzo cha adui ni chanzo huru. Makala ibaki.*" Alitelezesha kidole. "Na chini ameandika, *Pole kwa msiba wa mama yako.*"

"Mama yako alikufa miaka ishirini na tisa iliyopita."

"Najua."

Mmoja wa Henao aliuliza kwa sauti kubwa kuna nini, ndugu yake akamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba hajui. Gildardo akavuta kiti chake karibu. "Tusomee," alisema. "Yote, usiruke. Kwa sauti, hawa wasikie. Ndiyo kazi ya Ijumaa Kuu, kusomewa."

Rubiela alisimama pale Aníbal alipokuwa akisimama. Hakuigiza sauti ya padri. Alisoma mwaka wa kuanzishwa, akasoma jina la mwalimu Quiceno aliyefukuzwa shule. Akasoma sentensi ya tatu, kwamba kaburi la kwanza lilichimbwa Februari 1978 kwa ajili ya Aracelly Zuluaga, aliyenyimwa maziko. Halafu akasoma ya nne: *Mama wa marehemu, Ermelina Giraldo, alishika kichwa cha jeneza na kusali rozari kando ya kaburi, kitendo kilichomfanya azuiwe Komunyo kwa mwaka mmoja.*

Gildardo alikuwa amevua kofia. Alijifuta uso kwa kiganja chenye gundi, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Kisha akarudia kwa ndugu wa Henao, masikioni mwao, mmoja mmoja, "Ndivyo ilivyokuwa, nilikuwepo."

Alisoma zilizobaki mpaka ya tisa. Nyama ilikuwa imeanza kuungua upande mmoja, na mmoja wa Henao akaigeuza. Juu ya jiko dogo la pembeni sufuria ya maji ya sukari guru ilikuwa inachemka, kwa ajili ya arepa. Rubiela alijimiminia kikombe kimejaa, akaketi kwenye kibao karibu na moto, akakishika kwa mikono miwili. Aliyanywa yote, yakiwa bado ya moto.